Nimemaliza kusoma Wicked, sasa aliyesoma anioneshe Elphaba alikua mwovu ukurasa gani

Msomaji wa Usiku
Wakuu salamu. Najua wengi humu mmeiona muvi ya 2024 na ile ya pili iliyotoka Novemba 2025, mimi nikarudi nyuma nikatafuta riwaya yenyewe ya Gregory Maguire ya 1995, nimeimaliza na mpaka leo hainitoki kichwani. Kwa ambao hawaijui: yule mchawi wa kijani wa hadithi ya Oz, aliyemwagiwa maji na Dorothy akayeyuka, Maguire kamchukua akampa jina Elphaba, akampa wazazi, utoto, chuo, rafiki, mpenzi, halafu anakutembeza naye taratibu mpaka siku ya ile ndoo ya maji. Sasa mimi nilikua nasoma huku nasubiri pale atakapogeuka, kila sura nasema hapa ndo hapa, napita, naenda inayofuata, hivyo hivyo mpaka kitabu kikaisha.

Dai langu ni hili, Elphaba hakuwahi kuwa mwovu, aliitwa mwovu. Na mwandishi kalisema mapema kabisa kwenye utangulizi, pale mchawi amejificha kwenye mti na chini yake wamekaa Dorothy, Simba, yule wa bati na yule wa majani wakimsema. Kila mmoja ana lake kuhusu alivyozaliwa, alivyo mwilini, kwa nini ana hasira. Hakuna hata mmoja anayemjua. Yeye yuko juu anasikiliza umbea wake mwenyewe. Anayebisha aje na ushahidi wa kwenye kitabu, sio wa kwenye muvi.

Kibarazani
Aisee onyo la spoila liko wapi? Mimi ya pili bado sijaiangalia.

Nyuki wa Tabora
@Kibarazani hadithi ya Oz imetoka 1900 mkuu, mchawi anayeyuka toka enzi za babu wa babu yako, onyo la nini tena.

Mleta mada, umeruka sehemu ya tatu au uliisoma unasinzia? Elphaba anaacha chuo, anajificha Emerald City, mji mkuu wa Oz, anaingia kwenye kikundi cha siri, na mkesha wa sikukuu ya Lurlinemas anatoka nyumbani kwenda kumuua Madame Morrible, yule mkuu wa chuo chake cha zamani. Kapanga, kajiandaa, kaenda. Mtu aliyefika hapo unasema aliitwa tu?

Msomaji wa Usiku
@Nyuki wa Tabora malizia stori basi. Anafika pale, Morrible anatokea, na palepale linapita kundi la watoto wa shule katikati yao. Elphaba anashindwa. Angeendelea wangeumia watoto, akaacha. Na usiku uleule askari wa Wizard, mtawala wa Oz, wanamvamia Fiyero, mpenzi wake, kwenye chumba cha Elphaba. Mwovu gani anayepoteza kila kitu kwa sababu ya kuwahurumia watoto asiowajua?

Bahari Saba
Naomba niweke kitu sawa kabla uzi haujaenda mbali. Mleta mada kasema "yule mchawi wa kijani wa hadithi ya Oz". Kwenye kitabu cha L. Frank Baum cha 1900 mchawi hana ukijani wowote. Ana jicho moja tu, lakini linaona mbali kama darubini, anatembea na mwavuli, anaogopa giza na anaogopa maji. Basi. Ukijani umeletwa na muvi ya 1939, ile ya Margaret Hamilton, na viatu navyo kwa Baum ni vya fedha, muvi ndo ikavifanya vyekundu ili vipendeze kwenye rangi za Technicolor.

Na huo ukijani ulimgharimu yule mama. Kwenye tukio la kutoweka kwa moshi na moto, moto ukawaka kabla hajazama chini ya jukwaa, akaungua uso na mkono. Rangi aliyopakwa ilikua na shaba ndani, kwa hiyo ilibidi waisugue itoke huku ngozi imeshaungua. Alikaa wiki kadhaa nje ya kazi. Kwa hiyo Maguire kamjengea Elphaba maisha mazima juu ya rangi ambayo iliongezwa studio miaka 39 baada ya kitabu cha kwanza. Mimi hilo linanifurahisha sana.

Mkuyati
Hilo la jicho moja sikulijua, asante Bahari. Na jina Elphaba nalo limetoka kwa Baum mwenyewe, herufi za mwanzo za jina lake, L, F, B.

Mama Wawili
Nyie mnatafuta siasa na askari mbali huko, jibu lipo sehemu ya kwanza kabla mtoto hajajua hata kutembea. Mama anajifungua, anaona mtoto wa kijani mwenye meno makali, na hakuna anayetaka kumbeba. Baba ni mhubiri, anamuona kama adhabu ya dhambi zake. Mimba ya pili mama anahangaika na majani ya kutafuna asije akapata mwingine wa kijani, anazaliwa Nessarose, hana mikono, lakini ngozi yake ni ya kawaida, basi baba moyo wote ukaenda kwa Nessarose. Na vile viatu! Baba anamtengenezea Nessarose viatu vizuri kwa mikono yake, Elphaba hana alichotengenezewa. Watu wanadhani kwenye Oz anavigombania viatu kwa sababu ya uchawi wake. Mimi niliposoma nikasema hapana, anataka kitu kimoja kutoka kwa baba yake.

Mimi ni wa kwanza kati ya watoto sita na kuna mdogo wangu aliyezaliwa mgonjwa. Sisemi wazazi wangu walinichukia, walikua na kazi ya kumuuguza. Lakini mtoto anahesabu. Mpaka leo nakumbuka sare gani ilikua mpya na ilikua ya nani.

Mlimwengu
@Mama Wawili nakuheshimu sana ila ukilifanya la familia unampunguzia uzito. Elphaba anabadilika chuoni Shiz, na anabadilishwa na mwalimu. Dr Dillamond ni mbuzi, mbuzi anayefundisha chuo kikuu, kwa sababu kwa Maguire kuna Wanyama wa herufi kubwa wanaoongea na kufikiri na kuna wanyama wa kawaida. Wizard anatoa amri za kuwabana, hawaruhusiwi kusafiri watakavyo, wanafukuzwa kazi, wanarudishwa kwenye mazizi. Dillamond anafanya utafiti kuonesha kwamba hakuna tofauti ya msingi kati ya Mnyama na mtu. Anakutwa amekufa, koo limekatwa. Elphaba alikua msaidizi wake. Kuanzia pale hakuna kurudi.

Na ukitaka kujua kwa nini siasa ni nzito hivyo, mwandishi ni Mmarekani aliyekua anaishi London wakati wa vita ya Ghuba ya 1991, na amesimulia mwenyewe alivyokua anaona magazeti yanamfananisha Saddam na Hitler na yeye damu ikamchemka, halafu akajiuliza neno moja linawezaje kumfanya mtu aunge mkono mabomu. Ndo swali la kitabu kizima hilo. Wizard hahitaji kumshinda Elphaba kwa hoja, anahitaji kumpa jina tu.

Kibarazani
Mbuzi profesa. Sasa nimeshawishika kusoma.

Nyuki wa Tabora
@Mlimwengu Galinda, rafiki yake Elphaba, naye alikua darasani kwa Dillamond. Boq na Avaric, wenzao wa Shiz, walikuwepo. Wote walijua mwalimu kauawa. Mbona wengine wakaolewa na matajiri wakaendelea na maisha? Ukisema siasa ndo ilimgeuza basi ingewageuza darasa zima.

Mlimwengu
Kwa hiyo waliokaa kimya ndo wema? @Nyuki wa Tabora jibu hilo kwanza.

Mtemi wa Kusini
Nimesoma huu uzi kimyakimya toka jana, leo acha niseme. Natokea Shinyanga vijijini. Kwetu mnajua habari za bibi vizee kuuawa kwa sababu ya macho mekundu. Mtu amepika miaka hamsini kwenye jiko la ndani lisilo na dirisha, kuni, mabua, kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, moshi wote umeishia machoni. Anazeeka, macho yanakua mekundu, mume kashafariki, watoto wako mjini. Siku mtoto wa jirani anaugua, au ng'ombe anakufa, watu wanatazamana halafu wanaangalia upande wa nyumba yake.

Mama mkubwa wa baba yangu walimpitishia hukumu hiyo. Hawakumuua, tulimhamisha usiku, akafia kwa mjomba akiwa anajiuliza alimkosea nani. Alikua mkali, ndio. Alikua anafukuza watoto kwenye maembe yake. Lakini alikua mkali kabla au alikua mkali kwa sababu watoto walikua wanamwita mchawi toka nikiwa mdogo? Mimi mwenyewe sijui. Niliposoma Elphaba anakaa peke yake kule Kiamo Ko, ngome ya familia ya Fiyero, na nyani wake na mbwa wake nikaweka kitabu pembeni, nikaenda nje kidogo.

Mama Wawili
Pole sana Mtemi. Asante kwa kutuambia.

Bahari Saba
Pole mkuu. Na sheria ya uchawi tuliyonayo Tanzania ni ya mwaka 1928, ya mkoloni, Kenya yao 1925. Zinamwadhibu anayejidai mchawi na zinamwadhibu anayemsingizia mwenzake uchawi. Karibu karne nzima na bibi bado anahamishwa usiku.

Karani
Kuna kipande nashangaa hakuna aliyekitaja, na ndo kipande kinachofanana na huu uzi wetu kabisa. Karibu na mwisho Elphaba anakwenda Shiz kumuua Morrible, safari hii hakuna watoto. Anamkuta kitandani, mzee, anampiga kichwani na kikombe cha ushindi. Ila Morrible alikua ameshakufa muda mfupi kabla. Kwa hiyo kaua au hajaua? Halafu anakwenda mwenyewe kwa Avaric, yule waliyesoma naye, anamwambia nimemuua Morrible, kana kwamba anataka mtu aandike. Avaric anafurahi kupata kisa, anamkaribisha chakula cha jioni na wageni wake, na meza nzima wanaanza kubishana uovu ni nini. Mmoja anasema ni hivi, mwingine ni vile, kila mtu ana nadharia, wanakula wanakunywa, na mwovu wanayemjadili amekaa nao hapohapo mezani.

Maguire anakataa kuchagua. Na mimi nadhani mleta mada anataka ukurasa ambao mwandishi makusudi hakuuandika.

Mkuyati
@Karani hapo kwa Avaric ndo anaposema mwenyewe ameua, kwa nini ajisingizie? Mtu anatamani kuitwa mwovu?

Karani
Nadhani amechoka kuitwa bure. Lakini hilo langu, kitabu hakisemi.

Zawadi wa Nakuru
Samahani kuingilia. Binti yangu ana miaka 11, ameimba nyimbo za muvi nyumba nzima mpaka majirani wanazijua. Nimnunulie kitabu?

Mama Wawili
@Zawadi wa Nakuru usithubutu dada yangu, subiri. Kitabu ni cha watu wazima, kuna mambo ya kitandani, kuna mauaji, kuna kurasa na kurasa za dini na siasa. Mpe Baum wa 1900 aanze nacho, kinasomeka vizuri na hakina hatimiliki tena, unakipata onlaini bure kihalali. Hiki kingine akifika chuo.

Nyuki wa Tabora
Nakazia. Na usitegemee mwisho ni uleule. Kwenye mchezo wa Broadway wa 2003, ambao ndo muvi zimeufuata, Elphaba hafi, na Fiyero ndo anakua yule wa majani. Kwenye riwaya Fiyero ana mke anaitwa Sarima na watoto watatu, anauawa kweli, na Elphaba anakufa kweli. Wanaomtetea Elphaba humu wengi wanamtetea Elphaba wa muvi.

Msomaji wa Usiku
Mimi nimesema toka mwanzo ushahidi wa kitabu. Usinitupie la wengine.

Kisima cha Pate
Wakuu mnamjadili wa Oz wakati kwetu pwani tunaye wa kuandikiwa riwaya kama hii na hakuna aliyemgusa. Mtoto wa Fumo Liyongo. Shujaa hashindwi na upanga wala mshale, mfalme wa Pate anamwita mtoto wa kumzaa wa Liyongo, anamuahidi cheo na binti yake amuoe, na mtoto anakwenda kumuuliza baba yake kitu gani kinaweza kumuua. Baba anamwambia. Sindano ya shaba, kitovuni. Na anaichukua anakwenda kumchoma akiwa amelala. Liyongo anaamka, anatoka na upinde, anakwenda kufia kisimani amepiga goti, na mji mzima wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai.

Muhammad Kijumwa alipouandika ule utenzi 1913 kaueleza ushujaa wa baba vizuri mno. Mtoto tunapata tamaa yake na adhabu yake, anaugua anakufa, hata bibi harusi hakumpata. Lakini alilelewa na nani wakati baba yuko gerezani na porini? Mtoto wa mtu anayewindwa anaishije kwenye mji wa anayemuwinda? Ningesoma hicho kitabu usiku kucha.

Mlimwengu
@Kisima cha Pate ningekinunua kesho. Ila kumbuka wazee watasema unamtetea muuaji wa baba.

Kisima cha Pate
Waseme. Mwandishi Jean Rhys alizaliwa Dominica, akaisoma riwaya ya Jane Eyre ya 1847, akamkuta yule mke mwendawazimu wa kutoka Jamaica amefungiwa juu darini ananguruma kama mnyama, na 1966 akamwandikia riwaya yake, Wide Sargasso Sea, akampa utoto, bustani, mama, jina lake mwenyewe Antoinette. Nyumba bado inaungua. Hakuna aliyesema moto ulikua mzuri.

Bahari Saba
Naomba nirudi kwa Baum kidogo maana kuna kitu watu wanasahau. Kwenye kitabu cha 1900 mchawi wa Magharibi anatuma mbwa mwitu 40, yule wa bati anawakata vichwa wote 40. Anatuma kunguru 40, yule wa majani anawanyonga wote 40. Anatuma nyuki, wanakufa. Sikatai, amewafanya Winkie, watu wa nchi ile ya Magharibi, watumwa wake na alitaka Dorothy na wenzake wauawe. Ila aliyeanzisha safari nzima ya kuua ni Wizard. Dorothy anaomba kurudi Kansas na Wizard anamwambia kamuue mchawi kwanza. Mtoto mdogo, anatumwa kuua. Na sisi wote tulisoma tukaona sawa.

Mama Wawili
Mimi nimelala na hili suala na nimeongeza. Mnakumbuka kwa nini Elphaba anakwenda Kiamo Ko? Anataka kumwambia Sarima kwamba mume wako alikufa kwa ajili yangu, nisamehe. Sarima anakataa kusikia. Kila akijaribu, Sarima anageuza mazungumzo. Anakaa pale mwaka baada ya mwaka na maneno yake kooni, mpaka askari wanakuja kumchukua Sarima na familia yake na nafasi inapotea.

Halafu anakuja Dorothy. Na Dorothy hakuja kuua! Amekuja kuomba msamaha kwa sababu nyumba yake ilimwangukia Nessarose. Msamaha uleule ambao Elphaba aliunyimwa, sasa anaombwa yeye. Hawezi. Anawaka kwa hasira, na gauni lake linashika moto kweli, mtoto anamwagia maji ili amuokoe. Kama kuna ukurasa anaoutafuta mleta mada, kwangu ni ule. Mtu aliyenyimwa msamaha hana wa kumpa mwingine.

Msomaji wa Usiku
Aisee Mama Wawili. Hapo umenifanya nifungue tena ile sura. Bado siuiti uovu lakini naona unachokiona.

Nyuki wa Tabora
Umetaka ukurasa, nakupa ukurasa. Sehemu ya nne, kulekule Kiamo Ko. Manek, mtoto wa Sarima, anamdanganya Liir, yule mvulana aliyekuja na Elphaba, ajifiche kwenye kisima wakicheza, anamwacha humo, Liir anakaribia kufa. Elphaba anajua nani kafanya. Siku nyingine yuko dirishani anamtazama Manek chini, kuna bonge la barafu limening'inia juu ya paa, hasira imemjaa. Barafu linakatika linamwangukia mtoto, anakufa. Wale watoto wa Lurlinemas aliwaacha. Huyu hakumwacha.

Msomaji wa Usiku
Barafu lilianguka. Hakulisukuma. Hasira sio mkono.

Mtemi wa Kusini
@Nyuki wa Tabora kaka rudia kusoma ulichoandika. Mtoto amekufa, mwanamke alikua anamtazama kwa jicho baya, basi yeye ndo kamuua. Maneno hayohayo ndo walimsomea mama mkubwa kwenye kile kikao, kwamba mtoto alipita kwake asubuhi, akamtazama, jioni homa.

Nyuki wa Tabora
Mtemi, la kwenu nimelisoma na limeniuma, siwezi kulichukulia kirahisi. Ila Oz ya Maguire uchawi upo. Elphaba ana kile kitabu cha uchawi, Grimmerie, anakisoma, nyani wake Chistery na wenzake wanapata mabawa kwa mikono yake. Mama mkubwa alikua na jiko la moshi na miembe. Elphaba ana uwezo kweli, na alikua anatamani yule mtoto aumie. Hapo ndo siwezi kukufuata.

Mtemi wa Kusini
Na waliomuhukumu mama mkubwa nao waliamini uwezo upo kweli. Wewe unaamini kwa sababu mwandishi kakuambia. Wao waliambiwa na mganga.

Karani
@Nyuki wa Tabora umesoma Son of a Witch ya 2005, muendelezo wa Wicked? Liir huyohuyo wa kisimani amekua mkubwa, na yeye mwenyewe hajui kama Elphaba ni mama yake. Soma halafu urudi na hoja ya Manek, nina maswali mawili nataka kukuuliza.

Nyuki wa Tabora
Ninacho, sijakifungua. Nipe mpaka wiki ijayo.